Ndoto ya jino na maswali ya daktari

Katika kazi yangu ya tiba ya akili, ni nadra mtu kuniuliza kwa nini tunaota. Wengi huuliza ndoto fulani ina maana gani, hasa ile ya jino kung'oka, ambayo tumelelewa tukiambiwa kuwa ni dalili ya msiba katika ukoo. Jibu langu huwavunja moyo baadhi yao, kwa kuwa sijaona ushahidi kwamba picha moja hubeba maana ileile kwa kila anayeiota.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba kuna vipindi vya usiku ambapo macho ya aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba akiamshwa wakati huo mara nyingi husimulia ndoto. Vipindi hivyo hurudi kila baada ya takriban dakika 90 na hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha, ndiyo maana ndoto nyingi tunazozikumbuka ni za alfajiri. Sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia huwa zimechangamka mno, ilhali zile za mbele, zinazopima mantiki, zimepoa. Basi marehemu babu huketi sebuleni akinywa kahawa na hakuna anayeshangaa.

Kuhusu sababu, wataalamu hawajaafikiana. Allan Hobson na Robert McCarley walidai mwaka 1977 kwamba ubongo hujitungia kisa kutokana na ishara zinazopanda kutoka shina lake, naye Antti Revonsuo wa Finland akapendekeza mwaka 2000 kwamba ndoto ni mazoezi ya kukabili hatari. Mimi huegemea zaidi upande wa wanaoona kwamba ndoto huendeleza mahangaiko ya mchana. Kwa hiyo simuulizi mgonjwa aliota nini tu, bali aliamka na hisia gani, na ni wapi tena maishani mwake anaionja hisia hiyo: mwenye deni na aliyefiwa wanaweza kuota jino lilelile kwa hofu mbili tofauti kabisa.

Mimi huuliza pia kuhusu dawa. Wengi waliotumia efavirenz, dawa ya kupunguza makali ya VVU iliyoenea sana kwetu kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake, waliota ndoto kali za kutisha, na wapo waliodhani wamerogwa.

Jambo jingine ni mwili. Tunapoota katika vipindi vile, misuli mingi hulegezwa tusije tukatenda tunayoyaota. Fahamu zikirudi kabla ya misuli kuachiliwa, mtu hujikuta amekabwa na jinamizi, hali inayotisha lakini kwa kawaida haina madhara. Kinyume chake, yaani misuli kutolegea wakati wa ndoto, ndicho kinachonitia wasiwasi. Mwaka 1986 Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota walieleza habari za watu, wengi wao wanaume wazee, waliopiga ngumi na mateke wakiwa usingizini, na baadaye ikabainika kwamba wengi wa wagonjwa wa aina hiyo hupata ugonjwa wa Parkinson, yaani ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na ukakamavu wa mwili, au maradhi yanayofanana nao, pengine baada ya miaka mingi. Mzee akianza kupigana usingizini, ondoeni vitu vyenye ncha karibu na kitanda, kisha mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu pamoja na orodha ya dawa zake zote, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona huweza kuichochea hali hiyo.