Mpira wa mkojo baada ya operesheni ya tezi dume, unakaa pale kufanya nini?

Ndugu wengi wakienda wodini kumwona mzee aliyefanyiwa operesheni ya kufungua ya tezi dume wanashtuka, mfuko mwekundu halafu madripu makubwa yananing'inia na yanaisha fasta, wanajua mzee anaisha damu. Tuelewane kwanza. Kwenye hii operesheni ya kuchana chini ya kitovu, ambayo huku kwetu bado inafanyika sana hasa tezi ikiwa kubwa, daktari anatoa ile nyama ya ndani iliyobana njia ya mkojo kama unavyotoa chenza kwenye ganda lake, ganda lenyewe linabaki. Hapo palipotoka nyama ni kidonda kibichi na damu inaingia kwenye kibofu, ikiganda inaziba njia, mkojo unajaa na mzee anapata maumivu makali mno.

Ndo maana anawekewa mpira wa njia tatu, moja ya kujaza puto linaloushikilia usichomoke, moja inaingiza maji ya chumvi ya kusafisha kibofu, moja inatoa. Yale madripu ya kusafishia hayaendi kwenye mshipa jamani, yanapita kibofuni tu yanatoka.

Kwahiyo muuguzaji angalia, je yanatoka? Maji yakiwa yanaingia halafu mfukoni hamna kinachoongezeka, mwite nesi hapohapo, usisubiri raundi ya daktari. Rangi ya pinki si tatizo, na ikizidi kidogo mzee akitembea au akikohoa ni kawaida, ila mabonge au damu nzito hapana. Mzee naye atasema anabanwa mkojo wakati mpira upo, hicho ni kibofu kinajikaza, asisukume.

Wengine wanaruhusiwa na mpira, wengi unatolewa baada ya wiki hivi ila daktari ndo anaamua. Nyumbani mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usilazwe sakafuni, mwagaeni kabla haujajaa, mikono ioshwe kabla na baada, na pale mpira unapoingilia paoshwe kila siku kwa maji na sabuni, basi, hamna haja ya spiriti. Na asiuvute! Lile puto linatolewa maji kwanza kwa bomba la sindano.

Mpira ukishatoka, kuungua kidogo wakati wa kukojoa, kukimbilia chooni na hata kujivujia kwa wiki kadhaa kunatokea sana, mazoezi ya kubana misuli ya kuzuia mkojo yanasaidia. Maji anywe ya kutosha (mwenye shida ya moyo au figo aulize kwanza), ale mapapai na mboga ili asikamuke chooni, jembe na ndoo aache kama wiki sita. Damu inaweza kurudi kidogo wiki ya pili, ila mkojo ukigoma, homa ikipanda, mshono ukitoa usaha au mguu mmoja ukivimba, ni hospitali siku hiyohiyo.

Tendo la ndoa nalo lisubiri ruhusa ya daktari, na asishangae shahawa hazitoki, zinarudi kibofuni, haina maana nguvu zimeisha. Na kwa sababu lile ganda limebaki, kansa bado inaweza kuota humo, kipimo cha PSA (cha damu, cha kufuatilia kansa ya tezi dume) asikiache.