Mwenzangu wa Safari na Fatwa Zake za Chakula

Rafiki niliyezoea kusafiri naye hubeba begi moja la mgongoni na fatwa nyingi za chakula. Begi aliwahi kulisahau stendi. Fatwa hasahau hata moja. Na si zake peke yake: nimezisikia kwenye mabasi, kwenye boti na kwa watu wazima wenye akili zao.

Dhana: pizza ya Zanzibar ni pizza

Tulikuwa Forodhani jioni. Mwenzangu aliagiza akiwa na Italia kichwani: duara kubwa, nyanya nyekundu, jibini linalovutika. Akapewa kitu cha pembe nne kilichokunjwa kama bahasha. Akakigeuza, akamuuliza fundi, "Na pizza yenyewe?" Fundi hata hakuinua macho: "Si hiyo umeishika, kaka."

Ukweli ni kwamba hapo hakuna aliyeahidi Italia. Donge la unga laini lililolowa mafuta hutandazwa kwa mikono mpaka karibu lionyeshe upande wa pili, likatiwa nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili hoho, yai, jibini na mayonezi, likakunjwa na kukaangwa kwenye chuma. Ndugu zake ni mutabbaq wa Yemen na mkate wa mayai wa Mombasa, si kitu cha Napoli. Ipo hata ya ndizi na chokoleti. Anayeijia akitegemea chapati iliyojazwa nyama huagiza ya pili. Anayeijia akitegemea pizza hununa usiku kucha, nami ndiye ninayelala naye chumba kimoja.

Dhana: kilichokuumiza tumbo ni kile ulichokula mwisho

Hii ndiyo inayowaonea wauzaji wengi wa barabarani. Tulikuwa kwenye basi la Dar kwenda Mbeya. Ruaha Mbuyuni akanunua hindi la kuchoma dirishani, na kona za mlima Kitonga zilipoanza, akaomba mfuko. Tangu siku hiyo hindi la Ruaha Mbuyuni limehukumiwa kifungo cha maisha.

Tuhesabu saa. Sumu ya bakteria wa wali uliokaa huanza kutapisha kwa kawaida kati ya saa 1 na 6 baada ya kula. Salmonela, bakteria mwingine wa chakula, huchukua kati ya saa 6 na siku 3. Norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha, ni saa 12 hadi 48. Hindi lililotoka kwenye makaa dakika chache zilizopita lina ushahidi mzuri wa kujitetea. Anayestahili kuulizwa ni wali wa asubuhi, au chakula cha jana ambacho mtu ameshakisahau, na kwa siku ile ziulizwe pia zile kona zenyewe, maana Kitonga imetapisha watu waliofunga.

Wali una siri ambayo wapishi wengi wa safarini hawaijui. Bakteria anayeitwa Bacillus cereus huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa kadhaa, mbegu huamka, huzaana na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha wali mpaka ukatoa moshi. Kwa hiyo lile neno "umepashwa vizuri" halitoshi. Cha kuuliza ni ulikaa wapi kabla ya kupashwa.

Hapo ndipo inapoanguka fatwa nyingine: kwamba chakula cha hoteli yenye vitambaa vyeupe ni salama na cha kando ya barabara ni hatari. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kibaki juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na kisiachwe nje zaidi ya saa 2. Mshikaki unaotoka kwenye jiko ukiwa unachuruzika mafuta unatimiza sharti hilo. Sinia la bufee lililowekwa juu ya kamoto kadogo tangu saa tano, watu wakilifunua na kulifunika, mara nyingi halitimizi. Mimi huangalia moto na foleni. Vitambaa sina habari navyo. Ila kachumbari naiogopa popote. Kachumbari haina moto wa kuiokoa, na maji yaliyoioshea nyanya hayaonekani.

Ndimu na pilipili kuua vijidudu, je? Zinatia ladha tu, usizitegemee. Na pilipili ikikuzidi, maji hayasaidii kitu kwa sababu ule ukali hauyeyuki kwenye maji. Kunywa maziwa.

Dhana: chakula cha ndege hakina ladha kwa sababu wapishi ni wazembe

Tulipopanda ndege kwenda Addis Ababa, mwenzangu alifunua kile kisahani cha kuku, akaonja, akatangaza kwa sauti kwamba aliyepika hana mama. Maskini mpishi. Hewa ndani ya ndege hushushwa mgandamizo mpaka uwe sawa na wa mlimani, kiasi cha mita 1,800 hadi 2,400, na ni kavu kupita kiasi. Pua ikikauka, nusu ya ladha imeondoka, na chumvi na sukari ndizo zinazofifia zaidi. Kelele za injini nazo zinachangia. Ladha nzito ya nyanya iliyoiva au uyoga hustahimili, ndiyo maana watu wasiogusa juisi ya nyanya nyumbani huiomba angani. Omba chakula chenye mchuzi wa nyanya, uache kutukana mama za watu.

Dhana: injera ikiwa chachu, imeharibika

Addis ndiko alikoaibika kweli. Kwanza aliinusa injera, ule mkate mpana na laini wa Ethiopia, na kuniambia kwa Kiswahili, akidhani hatuelewiwi, kwamba hii ni ya juzi. Uchachu ule ni wa makusudi: unga wa tefu, nafaka ndogo ya huko, huchanganywa na maji na kuachwa siku mbili tatu uchachuke kabla ya kumiminwa kwenye bamba la moto. Injera isiyo na uchachu ndiyo ya kulalamikia.

Kisha akataka nyama, na ilikuwa Jumatano. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa: hakuna nyama, maziwa wala mayai. Mgahawa wetu mdogo ulikuwa na sahani ya mfungo peke yake, yenye shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde), dengu na mboga za majani. Alikula kwa kinyongo, akamaliza yake, akaingia kwenye yangu.

Kesho yake akaagiza kitfo, kwa kuwa jirani wa meza alikuwa nayo na ilikuwa ikinukia samli ya viungo. Ikaja mbichi. Akaamini mpishi amepitiwa, akairudisha kwa adabu. Ikarudi vuguvugu. Akairudisha tena. Kitfo ni nyama mbichi iliyokatwakatwa laini, na hivyo ndivyo inavyopendwa. Anayetaka ipashwe kidogo husema leb leb. Lakini nitamtetea hapa: nyama mbichi ya ng'ombe inaweza kubeba tegu, na kuomba iive kabisa si ushamba. Tatizo lake lilikuwa ile sura ya kumsamehe mpishi.

Yule jirani alikuwa akitazama yote haya. Mwishoni akakata injera, akaizungushia nyama yake, akaielekeza kinywani mwa mwenzangu. Mwenzangu akanigeukia: "Huyu ananiona mtoto?" Hiyo huitwa gursha, na hupewa mtu anayeheshimiwa au kupendwa. Kuikataa ndiyo dharau. Nilimwambia afungue mdomo haraka, kwa sababu tonge lilikuwa kubwa na lilikuwa limeanza kudondosha samli kwenye shati lake.