Pafu Lisilonywea

Ukifungua kifua cha kondoo mzima, mapafu hunywea papo hapo hewa inapoingia. Yenye nimonia ya intastishali, yaani ya kuta za vifuko vya hewa, hayanywei. Hubaki yametuna, mazito, na juu yake unaona alama za mbavu zilizojichapa. Ukibonyeza kwa kidole, pafu ni kama mpira. Ukilikata, mirija haitoi usaha. Wanafunzi wangu wengi huutafuta huo usaha, na wakiukosa huandika kwamba mapafu ni mazima. Hapo ndipo ninapowarudisha mezani.

Nimonia waliyoizoea, ile ya bakteria wanaoingia na hewa, hujaza mirija na vifuko vya hewa, na kwa kondoo na ng'ombe huanzia sehemu ya mbele, chini. Hapo pafu huwa gumu kama ini. Hii ninayoieleza hushika ukuta unaotenganisha kifuko na kifuko, mahali ambapo hewa na damu hutengana kwa utando usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Utando huo ukinenepa, mgonjwa anavuta hewa ya kutosha lakini oksijeni haifiki kwenye damu. Kinachounenepesha kinaweza kuwa sumu, vumbi la majani yenye ukungu, au virusi.

Mfano ninaoufundishia kila mwaka ni wa Iceland. Mwaka 1933 waliingiza kondoo 20 wa aina ya Karakul kutoka Ujerumani, wazima kwa macho. Miaka ikapita, kondoo wa wenyeji wakaanza kukonda na kubaki nyuma kundi linapopanda mlima. Ugonjwa wakauita kwa neno lao la kuhema: maedi. Waliumaliza kwa kuchinja makundi mazima, na kisa cha mwisho kilikuwa mwaka 1965. Kutokana na kondoo hao, mwanasayansi wa huko, Björn Sigurðsson, alieleza mwaka 1954 dhana ya maambukizi ya polepole. Baadaye ilibainika kuwa kirusi cha maedi ni lentivirusi, kundi la virusi vya polepole, ndugu wa VVU. Mwanakondoo anaweza kukipata kwa kunyonya, kama mtoto anavyoweza kupata VVU.

Undugu huo niliuona kwa macho siku mwenzangu wa hospitali ya binadamu aliponiletea kioo cha hadubini chenye kipande cha pafu la mtoto mwenye VVU. Nilikiweka kando ya kioo changu cha maedi, nikaangalia kimoja baada ya kingine. Katika vyote viwili kuta zilijaa limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, na pembeni mwa mirija zimejikusanya vinundu vinundu kana kwamba matezi yamehamia kifuani. Kilichonionyesha kipi ni cha kondoo ni misuli laini iliyonenepa ndani ya kuta; maedi huacha alama hiyo.

Kwa watoto, hali hii huitwa nimonia ya intastishali ya limfosaiti. Kwenye eksirei vidoa hutapakaa pande zote mbili, na kwa urahisi sana huchukuliwa kuwa kifua kikuu kilichosambaa. Mtoto yule alikuwa ameshamaliza duru mbili za dawa za TB, kikohozi kikiwa palepale. Tuliposoma faili lake pamoja, tukakuta dalili za nimonia hii zimeandikwa tangu siku ya kwanza: ncha za vidole zimevimba, na tezi za mate chini ya masikio yote mawili zimetuna bila maumivu.