Je, wajua kwa nini benki inakubali kukulipia tiketi ya ndege?

Agosti 2016 benki ya Chase ya Marekani ilitoa kadi ya mkopo inaitwa Sapphire Reserve, na ofa yake ilikuwa hivi: tumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu, unapewa pointi 100,000, ambazo ukinunulia safari kupitia benki yenyewe zinakuwa dola 1,500. Ada ya mwaka dola 450, haya, ni nyingi, ila ulikuwa unarudishiwa dola 300 kwenye matumizi ya safari. Sasa wajanja wakakaa wakasoma yale maandishi madogo wakagundua kitu, hizo 300 zilikuwa zinahesabiwa kwa mwaka wa kalenda wakati ada inahesabiwa tangu siku uliyopewa kadi, kwa hiyo mtu aliyechukua kadi mwezi wa tisa alikula 300 zake kabla mwaka haujaisha, Januari zikafunguka 300 nyingine, jumla 600, na hapo ada aliyolipa ni ile moja tu ya 450. Yaani benki inamlipa mtu ili aishike kadi yao! Maombi yalimiminika mpaka wakaishiwa chuma cha kutengenezea kadi (zilikuwa za chuma kweli, ukiiangusha mezani inalia), ikabidi watu watumiwe za plastiki kwanza wasubirie.

Mwisho wa mwaka huo bosi wao Jamie Dimon akasema kadi hiyo ingepunguza faida ya robo ile kwa dola milioni 200 hadi 300. Na wala hakusema kwa masikitiko.

Sasa mtu timamu lazima ajiulize, benki ambayo ukichelewa siku moja inakukata faini, imepata wapi roho nzuri kiasi hiki? Jibu ni kwamba hela hizo haitoi mfukoni kwake, au ikitoa, inajua njia zitakazorudia.

Njia ya kwanza huioni kabisa. Ukilipa dukani dola 100 kwa kadi, duka halipati 100. Kuna makato, na kwa kadi za mkopo za Marekani, hasa hizi za hadhi zenye pointi, makato yanazunguka dola 2 hadi 3, na sehemu kubwa inakwenda kwa benki iliyokupa kadi wewe mteja. Benki inachukua fungu lake, inakumegea kidogo, inakiita kile kidogo zawadi. Unataka ushahidi? Angalia Ulaya. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba hicho kipande cha benki kwenye kadi ya mkopo kisizidi asilimia 0.3, na ndo maana ukilinganisha bonasi za kule na za Marekani unaweza kudhani ni biashara mbili tofauti. Hata Marekani kwenyewe iliwahi kutokea kwenye kadi za kawaida za akaunti (zile zinazokata hela yako mwenyewe iliyoko benki), sheria ya 2010 ilivyoanza kufanya kazi Oktoba 2011 na kubana makato ya benki kubwa kwenye kadi zile, benki nyingi zikafuta pointi zake kimyakimya. Kadi za mkopo hazikuguswa. Pointi zikahamia huko.

Njia ya pili ndo inayonifurahisha mimi. Mashirika ya ndege yanauza maili, yaani zile pointi za shirika ambazo abiria anakusanya na kubadilisha na tiketi. American Airlines walianzisha mpango wao wa AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, lengo ni abiria asikimbilie kwa mshindani, United wakafuata ndani ya siku chache. Miaka ya themanini ikielekea mwisho benki zikaingia, zikawa zinanunua maili kwa shirika kwa jumla na kuwapa wateja wanaotumia kadi, na hapo shirika likagundua kwamba maili, ambayo kuitengeneza ni kuongeza namba tu kwenye kompyuta, inauzika kwa dola halisi, leo, wakati safari yenyewe abiria ataidai siku nyingine, au hataidai kabisa. Delta peke yake mwaka 2023 iliingiza karibu dola bilioni 7 kutoka American Express, kampuni inayotoa kadi zake za mkopo. Na ndege zilivyolala chini mwaka 2020, United haikuishia kuweka rehani ndege, iliweka rehani hata mpango wake wa maili na kupata dola bilioni 6.8. Kuna wanaosema haya ni makampuni ya pointi yanayomiliki ndege, na kwa hesabu hizo utawabishia vipi?

Njia ya tatu ni riba, na hapa tuwe wakweli. Kadi za mkopo Marekani riba yake sasa hivi inavuka asilimia 20 kwa mwaka. Ukibaki na deni la dola 3,000 kwa mwaka mzima umelipa zaidi ya 600, na bonasi yako imeliwa na wengine. Benki ikikupa pointi 60,000 inacheza kamari, kati ya wateja kumi wapo watakaoteleza, na hao ndo wanaomlipia tiketi yule asiyeteleza. Afu kuna asiyekuwepo kabisa kwenye mchezo. Mwaka 2010 watafiti wa benki kuu ya Marekani, tawi la Boston, walipiga hesabu kwamba kwa sababu maduka yanapandisha bei kufidia makato, kaya inayolipa kwa pesa taslimu ilikuwa inawachangia wenye kadi wastani wa dola 149 kwa mwaka, na kaya yenye kadi inapokea dola 1,133. Mtego wa panya, huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Sisemi usichukue kadi, nasema ujue tu hela imetoka kwa nani.

Basi kama umeamua kuingia, kuna sharti moja ambalo bila hilo acha kabisa: lipa salio lote kila mwezi, LOTE, siyo kile kiwango cha chini wanachokuandikia kwa herufi za kuvutia. Weka malipo ya otomatiki siku hiyohiyo kadi inapofika. Kama huwezi, kadi ya pointi si yako kwa sasa, tafuta yenye riba ndogo.

Ukishapita hapo, elewa kwamba utamu wote uko kwenye bonasi ya kuanzia. Watu wanahangaika kadi ipi inatoa pointi mbili kwa dola na ipi tatu, wakati bonasi ya pointi 60,000 kwa matumizi ya dola 4,000 ni sawa na pointi 15 kwa kila dola, hakuna mgahawa wala kituo cha mafuta kitakachokupa hivyo. Kwa hiyo omba kadi wakati una matumizi makubwa yanayokuja yenyewe, bima ya gari ya mwaka, ada ya shule, matengenezo, friji imekufa. Siyo uombe kadi ndo uanze kutafuta cha kununua. Ukinunua kitu usichokihitaji ili ufikishe kiwango, umejinunulia bonasi mwenyewe.

Na hesabu ya siku. Hapa niliumia mwenyewe, benki siitaji. Kadi ilichelewa njiani karibu wiki mbili, mimi nikaanza kuhesabu miezi mitatu tangu siku nilipofungua bahasha, kumbe kwa kawaida wanahesabu tangu siku walipokubali ombi. Nikafikisha kiwango siku ya themanini na nane kwa kalenda yangu, kwa kalenda yao nimeshapitwa na zaidi ya wiki. Nilipiga simu, dada wa watu akanisikiliza kwa upole kabisa halafu akanisomea masharti. Pointi sifuri. Tangu hapo nauliza tarehe kwa maandishi kwenye apu siku ya kwanza, na naacha nafasi ya wiki mbili, kwa sababu kuna vitu havihesabiwi: ada ya mwaka haihesabiwi, kutoa pesa taslimu haihesabiwi (na riba yake inaanza siku hiyohiyo), na ukirudisha bidhaa dukani kiwango kinashuka tena.

Jua pia kwamba benki zina kumbukumbu ndefu. American Express Marekani kwa kawaida bonasi ya kadi fulani wanakupa mara moja tu maishani, na Chase inajulikana kuwakatalia waliofungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24. Kwa hiyo mpangilio una maana, anza na wale wabishi kwanza. Na ofa zinapanda na kushuka, kadi ileile leo pointi 50,000 miezi michache baadaye 90,000, ukikurupuka na ndogo ndo imetoka hiyo.

Mbinu za ajabu zimejaribiwa zote. Kuanzia 2008 mamlaka ya sarafu ya Marekani ilikuwa inauza sarafu za dola moja kwa bei ileile ya dola moja, usafirishaji bure, ili watu wazizoee. Wapenda maili wakawa wanaagiza maelfu kwa kadi, boksi likifika wanalipeleka benki bila hata kulifungua, wanalipia kadi kwa sarafu hizohizo, maili zinabaki. 2011 wakazuia kulipia kwa kadi. Na mwaka 1999 kuna mhandisi wa California, David Phillips, aliona kampuni ya chakula inatoa maili kwa lebo za bidhaa zake, akanunua vikombe zaidi ya 12,000 vya pudingi ya bei rahisi kuliko zote, kwa dola kama 3,000, akavigawa kwa shirika la misaada kwa makubaliano kwamba wamsaidie kubandua lebo, akatoka na maili zaidi ya milioni moja. Siku hizi ukijaribu michezo ya namna hiyo benki inarudisha pointi zake na kufunga akaunti, lakini ile ya pudingi naiheshimu.

Haya, pointi unazo. Zinatumikaje? Wengi wanapotezea hapa, wanaingia kwenye apu ya benki, wanaona kikaango kinauzwa kwa pointi, wanabonyeza. Kabla hujabonyeza chochote fanya hesabu moja: chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa kodi utakayolipa ukitumia pointi, gawanya kwa idadi ya pointi. Mfano tiketi ni dola 600, au pointi 40,000 na kodi ya dola 5.60. Inabaki 594.40, gawanya kwa 40,000, unapata kama senti moja na nusu kwa pointi, nzuri hiyo, toa pointi. Tiketi nyingine dola 180 au pointi 25,000 na kodi ileile, hiyo haifiki hata senti 0.7, lipa pesa tu na pointi zikae. Chini ya senti moja mimi sigusi, na kikaango karibu siku zote kiko chini ya hapo.

Thamani kubwa mara nyingi iko kwenye kuhamisha pointi za benki kwenda shirika la ndege, hasa kwa viti vya mbele kwenye safari ndefu, na huhitaji kupanda shirika hilohilo, kwa sababu wako kwenye miungano. Maili za British Airways zinaweza kukukatia tiketi ya American, kwani wote wako oneworld. Lakini tafuta kiti kwanza, ukione kipo, ndo uhamishe, maana pointi zikishatoka benki hazirudi. Na usizihifadhi kama dhahabu. Delta waliondoa jedwali lao la bei za maili 2015, United wakafuata 2019, tangu hapo bei inapanda wanavyotaka, na ilipopanda hakuna aliyekutumia barua.

Kwenye marupurupu ya kadi mimi ni mgumu kidogo. Launji ya uwanja wa ndege ni nzuri, ila kama unasafiri mara mbili kwa mwaka, sofa na juisi visikulipishe dola mia kadhaa. Ukiambiwa kadi ina faida za dola 900, pitia moja moja na ujiulize hiki ningekinunua kwa hela yangu? Kisichopita, kihesabu sifuri. Yenye maana ni yale ambayo hayatangazwi sana: begi la bure, kutokatwa ile asilimia 3 ya kulipa nje ya nchi, na bima. Ndege ikichelewa ukalala njiani, kadi nyingi nzuri zinarudisha hela ya hoteli na chakula, gari la kukodi likikwaruzwa zinalipa, alimradi ulilipia kwa kadi hiyo na risiti unazo. Watu wanalala kwenye viti vya uwanjani na kadi yenye bima iko mfukoni.

Mwaka ukikaribia kuisha piga simu kabla ada haijakatwa, au mara tu inapokatwa, maana kwa kawaida una kama siku 30 za kurudishiwa ukighairi. Sema unafikiria kuifunga kadi sababu ya ada, halafu nyamaza. Wakati mwingine wanakupa pointi au hela ubaki, wakati mwingine wanakwambia sawa. Wakisema sawa, usifunge palepale: omba wakushushe kwenye kadi isiyo na ada, na kama unafunga kweli, toa kwanza pointi zilizoko benki, kwa sababu za shirika la ndege zinabaki kwenye akaunti yako ya huko, ila za benki zinaondoka na kadi.