Adimu si kongwe

Juzi nimetumiwa picha nyingine kwenye simu. Stempu ya Marekani ya mwaka 1893, senti 2, rangi ya zambarau iliyochujuka, Columbus anashuka ufukoni na watu wake. Chini ya picha: "Stempu adimu sana, ina zaidi ya miaka 130. Naomba bei." Ni ya tatu mwezi huu, na zote tatu ni stempu ileile. Aliyeituma ni kijana mwenye adabu, hana nia ya kumwibia mtu. Ameamini tu kwamba adimu maana yake ni kitu cha zamani, na kwa kuwa wengi wameamini hivyo, nimeona niandike.

Stempu adimu ni ile ambayo zilizobaki ni chache kuliko watu wanaozitafuta. Hiyo ndiyo maana yake yote. Umri haumo.

Tulitazame neno lenyewe, kwa sababu Kiswahili chetu kinalijua vizuri kuliko tunavyolitumia. Adimu tumelipata kwenye Kiarabu: adim, chenye kukosa kitu fulani, ndugu wa adam, kutokuwepo. Mwarabu akitaka kumsifu mtu asiye na kifani husema adim al-mathil, aliyekosa mfano. Kwa hiyo neno hili tangu asili halizungumzii uzee, wala halizungumzii thamani. Linazungumzia kukosekana.

Lilipofika kwetu likaongeza jambo moja ambalo mimi nalipenda sana, nalo ni yule anayekosa. Sikiliza linavyotumika sokoni. Sukari imeadimika. Mafuta ya taa yameadimika. Hapo kuna mtu ametoka nyumbani na chupa, amezunguka maduka matatu, amerudi na chupa tupu. Mbu wakiwa wachache hatusemi mbu wameadimika, tunasema wamepungua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Kitu hakiadimiki chenyewe kwa chenyewe. Kinamwadimikia mtu.

Jirani zake nao tuwape haki yao. Nadra huenda na mara: jambo hutokea kwa nadra, ni nadra kumkuta nyumbani. Haba huenda na kiasi, na inatokana na punje, ndiyo maana haba na haba ikajaza kibaba. Ghali ni habari ya bei. Kongwe ni habari ya miaka, basi: mti mkongwe, mji mkongwe, nyumba kongwe. Kuna pia wanaoandika "hadimu" kwa kudhani h inalipendezesha neno. Hadimu ni mtumishi, limetoka kwenye shina jingine kabisa, na Wahadimu wa Unguja hawana uhusiano wowote na uchache.

Sasa turudi kwa Columbus wa zambarau. Mwaka 1893 Wamarekani walifanya maonyesho makubwa Chicago kuadhimisha miaka 400 ya safari yake, na posta ikatoa stempu 16, kuanzia senti 1 hadi dola 5. Ya senti 2 ndiyo iliyokuwa nauli ya barua ya kawaida ndani ya nchi, hivyo ilichapishwa zaidi ya bilioni 1.4. Sensa ya 1890 ilihesabu Wamarekani wapatao milioni 63. Gawanya: kila mmoja, pamoja na mtoto mchanga, angepata zaidi ya 20. Isitoshe watu walizipenda, wakazihifadhi kwa makusudi kama ukumbusho. Leo yeyote anayetaka moja iliyotumika anaipata siku hiyohiyo kwa bei isiyofika hata ya soda. Mwenye kuitafuta harudi na chupa tupu.

Wengine wakielezwa hivyo hujibu, "Lakini yangu ina kofia iliyovunjika." Kweli, ukiweka kioo cha kukuzia juu ya mtu wa tatu kushoto kwa Columbus, kwenye baadhi ya stempu utaona mkato mweupe umeingia kwenye kofia yake kama aliyeumwa na panya. Unapendeza kuutazama na wakusanyaji wameupa jina. Ila mkato huo uko kwenye stempu nyingi mno, na unaongeza kidogo sana.

Katika seti hiyohiyo iko ya dola 5. Mwaka uleule, maonyesho yaleyale, bahari ileile. Dola 5 wakati ule zilikuwa fedha nyingi, na barua ya kuhitaji stempu ya dola 5 ilikuwa shida kuipata. Zilichapishwa elfu 27 na kitu, na si zote zilizouzwa. Kila mwenye albamu ya Marekani anataka kulijaza shimo lile, hivyo nzuri yake leo inalipiwa mamia mpaka maelfu ya dola. Kama umri ndio ungetoa uadimu, stempu hizi mbili zingekuwa sawa, maana ni pacha.

Mfano ninaoupenda zaidi unahusu stempu ambayo huwezi kuitofautisha na wenzake kwa kuitazama usoni.

Miaka ya 1860 posta ya Marekani ilikuwa na hofu kwamba watu wanafuta wino wa muhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Mvumbuzi Charles Steel akapata hataza mwaka 1867 ya mashine inayogandamiza karatasi ya stempu kwa vinundu vidogo, ili nyuzi za karatasi zivunjike na wino uzame ndani usifutike. Alama hiyo inaitwa grili: kijimraba cha vinukta vilivyopangwa safu kwa safu, unakihisi kwa ncha ya kidole kama upele. Ziko za vipimo mbalimbali, na baadaye mkusanyaji William Stevenson akazipa herufi. Moja ilipewa Z.

Grili Z unaitambua hivi. Laza stempu kifudifudi juu ya kitu cheusi, lete taa kwa upande, chini kabisa, mpaka kivuli kianze kuonekana. Kinundu kimoja kimoja kina mgongo mwembamba. Kwenye grili nyingine zinazokaribiana nayo, kama E, mgongo huo umesimama wima. Kwenye Z umelala, kutoka kushoto kwenda kulia. Eneo lote ni kama milimita 11 kwa 14, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Stempu ya senti 1 ya buluu yenye kichwa cha Benjamin Franklin ilitumika kwa mamilioni bila grili, na ikatumika kwa wingi na grili nyingine. Zenye grili Z zinazojulikana duniani ni mbili tu. Moja ilikuwa ya Benjamin Miller, aliyeipa Maktaba ya Umma ya New York mkusanyo wake mwaka 1925, na ile haiuzwi. Basi kwa mtu mwenye nia ya kukamilisha stempu zote za Marekani za karne ya 19, iliyobaki sokoni ni moja. Moja! Mwaka 1998 ilinunuliwa mnadani kwa dola 935,000. Mwaka 2005 mkusanyaji Bill Gross aliipata kwa kubadilishana, akatoa kipande cha stempu nne za 1918, zile ambazo ndege ilichapwa juu chini kwa makosa, ambacho kilikuwa kimemgharimu karibu dola milioni 3. Juni 2024 ikauzwa tena, kwa dola 4,366,000.

Umri wake na wa Franklin wa kawaida umepishana miaka michache tu, na Franklin wa kawaida ndiye mkubwa. Katika pesa hizo hakuna hata senti iliyolipwa kwa ajili ya uzee. Kinacholipiwa ni ile nafasi tupu kwenye ukurasa wa albamu, na kwamba nyingine imefungiwa. (Na kwa kuwa grili ni karatasi iliyogandamizwa tu, wadanganyifu hugandamiza zao juu ya stempu za kawaida. Stempu ya namna hii bila cheti cha wataalamu, kama wale wa Philatelic Foundation ya New York, usiinunue hata ukiapiwa.)

Kuna njia nyingine ya kitu kuadimika, nayo ni moto. Kabla ya stempu za serikali kuu kutoka Julai 1847, baadhi ya wakuu wa posta wa miji walichapisha za kwao. Daniel Bryan wa Alexandria, ng'ambo ya mto kutoka Washington, alitoa ya senti 5, duara la maua na maandishi meusi, bila picha ya mtu. Zimebaki saba. Sita ziko kwenye karatasi ya rangi ya ngozi, na moja tu kwenye karatasi ya buluu, bado imeganda kwenye bahasha yake. Bahasha hiyo ilibeba barua ya mapenzi ya mwaka 1847, kutoka kwa kijana wa Alexandria kwenda kwa binti aliyekuwa Richmond, na kijana alimwagiza aichome kama kawaida. Hilo "kama kawaida" linaonyesha zilizotangulia zilichomwa. Hii binti hakuichoma. Mwaka 2019 iliuzwa kwa dola milioni 1.18.

Hiyo ndiyo adimu kwa maana yake ya kwanza kabisa, ya adam: nyingine hazipo, na kwa bahati ya moyo wa mtu mmoja hii ipo.

Kuhusu bei kwa jumla sitasema mengi. Bei ya katalogi, yaani kitabu cha orodha ya stempu na bei zake, tangu John Walter Scott aanze kutoa yake New York mwaka 1868, ni kipimo cha kulinganishia, si ahadi ya mnunuzi. Stempu iliyochanika pembe, iliyokatwa meno ya kingo zake kwa mkasi ili ipendeze, au iliyooshwa gundi yake ya asili hupoteza sehemu kubwa ya bei hiyo, hata iwe adimu kiasi gani. Kwa hiyo tafadhali msizioshe kabla ya kunipigia picha.

Kijana wangu wa zambarau, nimekujibu faraghani ila nakujibu na hapa kwa kuwa wenzako wako wengi. Stempu yako ni nzima, meno yake yote yapo, muhuri haujamfunika Columbus usoni, na kofia nimeitazama, haijavunjika. Usiiuze. Bei utakayoipata haitalipa hata nauli ya kuipeleka. Iweke kwenye bahasha kavu, mbali na jua, na pale ulipoandika "adimu sana" andika "kongwe". Itakuwa kweli, na mtu atakayeisoma baada yako hatakwenda mnadani bure.