Raba laini ya breki si lazima ishike zaidi

Vijana wanaorukaruka na baiskeli juu ya mawe ya Mwanza hupeana ushauri mmoja: nunua raba laini ya breki, ndiyo inayong'ata. Ushauri huo ni kweli nusu tu, na nusu ya pili inaweza kukuangusha.

Raba haishiki peke yake, inashikana na rimu. Kwenye rimu ya aluminiamu isiyokwaruzwa, raba laini hunata vizuri. Lakini wengi katika mchezo huu husaga ubavu wa rimu kwa grinda ili upate mikwaruzo. Hapo raba laini huliwa kama sabuni kwenye jiwe la kufulia, na masalia yake hujaza mikwaruzo mpaka rimu inateleza tena. Rimu iliyosagwa inataka raba ngumu kiasi.

Mvua ikinyesha, rimu nyororo hupoteza mshiko mapema. Iliyosagwa huvumilia zaidi. Ile ya chuma yenye kromu, ya baiskeli zetu za mizigo, ndiyo mbaya kuliko zote ikilowa. Usiifanyie mchezo huu.

Wachache hutazama mgongo wa raba, yaani kile kipande kinachoibeba kwa nyuma. Ukiwa wa plastiki inayopinda, nguvu ya kidole huishia kwenye kupinda huko badala ya kubana rimu. Mimi ningeanza hapo: mgongo mgumu wa aluminiamu, uso wote wa raba uguse rimu kwa pamoja. Kisha, ukiwa bado chini, funga breki ya nyuma, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Gurudumu likizunguka hata kidogo, usipande jiwe.