Kuzaliwa ikweta si kinga ya joto la Ghuba

Kijana wa Kampala akipata kazi Kuwait au Dubai, wazee humuaga kwa maneno yaleyale: joto halitakusumbua, wewe mtoto wa ikweta; wa kuhofia ni yule anayekwenda kwenye theluji ya Canada. Imani hii ni ya siku nyingi, na inaweza kuua.

Ni kweli ikweta inapita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka. Lakini mchana wa Kampala kwa kawaida hauzidi sana nyuzi 28 za Selsiasi: mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mawingu na mvua hupunguza makali ya jua, na usiku wenye urefu wa saa 12 huipoza ardhi. Kabale, mji wa milimani Uganda, watu hulala na mablanketi mazito. Kilele cha Rwenzori, mita 5,109, kina barafu. Ghuba ni habari nyingine. Kiangazi mchana ni mrefu, anga haina wingu, na mwaka 2016 Mitribah, Kuwait, ilifikia nyuzi 53.9. Pwani kuna unyevu unaozuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi.

Mwili huzoea joto kwa wiki moja au mbili za kazi inayoongezwa polepole. Siku za kwanza ndizo za hatari zaidi. Falme za Kiarabu hukataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9 alasiri, 15 Juni hadi 15 Septemba. Idai haki hiyo. Mwenzako akianza kuropoka au kupepesuka, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na uite gari la wagonjwa mara moja.